Bwana Chumvi na Jaruba Letu

Katika miaka yote niliyomjua, sikumsikia hata mara moja akijibu swali kwa neno "ndiyo". Ukimwuliza kama mvua itanyesha, atatazama juu, atatazama chini, kisha atasema, "Bado kujua." Ukimwuliza kama chai imemtosha, "Bado kujua," na kikombe kimekwisha zamani. Watoto wa bondeni walikuwa wakimchokoza kwa makusudi. Siku moja mmoja wao akamwuliza, "Bwana, wewe ni mwanamume?" Naye alikuwa ameinamia chupa zake za kupimia maji, hakusikiliza, akajibu lile lile. Watu waliokuwa wakipalilia walicheka hadi wakaacha majembe.

Tulimwita Bwana Chumvi. Jina lake halisi lilikuwa refu, na karani wa jumbe alipolitaja mara moja hakuna aliyelishika. Alikuwa Mhindi, lakini si Mhindi wa duka. Alitoka katika nchi ambayo, kwa maneno yake, Waingereza walichimba mifereji mikubwa kama mito ili kulima jangwa. Watu wakafurahi, wakalima, wakavuna. Miaka ikapita, ardhi ikaanza kutoa chumvi, ikawa nyeupe. "Nyeupe kama sanda," alisema, na hilo ndilo jambo pekee aliloniambia juu ya kwao siku zile. Alikuwa ameisomea chumvi hiyo chuo kikuu, akaitwa na serikali kuvuka bahari aje kutazama maji ya mashamba huku kwetu. Mengine sikumwuliza.

Alivaa kaptura ndefu na soksi zilizofika magotini, na mwavuli aliubeba hata wakati wa jua kali bila kuufungua. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi. Alikuwa na kichupa cha dawa ambayo ukiidondoshea katika maji yenye chumvi, maji hugeuka meupe kama tui la nazi, na dawa hiyo ikigusa ngozi huacha weusi usiotoka kwa sabuni. Wanawake walipomwona mara ya kwanza walisema, "Jamani, huyu bwana nani kampaka hina mbovu?" Wengine walisema ni mchawi. Mie nilimwona mtu aliyechoka.

Bonde letu lilikuwa chini ya Mtoni, upande wa Temeke, pale ambapo mto unakutana na mikoko. Kila masika tulilima mpunga. Baba alipokufa, mama aliendelea na jaruba, kipande chetu cha mpunga. Na mama naye alipomfuata, jaruba likabaki mikononi mwangu. Nilikuwa darasa la nne. Nikaacha shule, kwa kuwa nilikuwa mkubwa, na nyuma yangu walikuwako mdogo wangu Saidi na kitinda mimba wetu, Zuhura. Baada ya arobaini ya mama, baba mdogo alikuja kutoka Kilwa na shauri lake. Saidi aende kwa shangazi, Zuhura aende naye Kilwa, mie niolewe. Alisema kwa upole, wala hakuwa mtu mbaya. Nililia, nikamshika magoti. Mwishowe akasema, "Haya, mwanangu. Jaruba likiwalisha, kaeni. Siku lisipowalisha, nakuja kuwachukua." Tangu siku ile, nilipoutazama mpunga, nilikuwa nikimtazama Zuhura.

Kisha wakaja watu wa mbu. Ndivyo tulivyowaita, wale waliotumwa kukausha madimbwi ili homa ipungue. Walichimba mfereji kutoka katikati ya bonde hadi kwenye mikoko, umenyooka kama umepigwa rula. Kusema haki, mbu walipungua. Lakini wakati wa bamvua, bahari inapojaa kuliko siku zote, maji yaliona njia iliyonyooka nayo yakaifuata, yakapanda hadi bondeni. Ilikuwa kiangazi, mashamba matupu, hakuna aliyejali. Masika yalipofika, miche ya upande wa chini iliungua ncha kama iliyopitishwa motoni, na ardhi ilipokauka ikafanya ukoko mweupe. Hapo ndipo Bwana Chumvi alipoletwa na lori.

Kosa lake la kwanza lilikuwa ulimi. Kiswahili alijifunza katika kile kitabu walichopewa mabwana cha kusemea na wapishi na maboi wao, na kitabu kile hakikuwa na maneno ila ya amri. Lete. Weka. Ondoa. Upesi. Akili yote aliyokuwa nayo ilibidi ipite katika maneno hayo. Siku ya kwanza alimkuta Mzee Kitwana, jirani yetu, mtu ambaye hata jumbe humwamkia kwanza, amekaa ukingoni akivuta tumbaku.

"Wewe!" akamwambia. "Lete maji ya kisima! Upesi!"

Mzee Kitwana alitazama nyuma yake kuona anaambiwa nani. Hapakuwa na mtu.

"Mie?" akasema. "Shikamoo haijui, lakini 'lete' kaijua. Mwambieni kisima kile pale, na miguu Mungu kampa miwili."

Nilikwenda mimi kuyateka, nikampa, nikamwambia, "Bwana, huyu ni mzee. Sema 'shikamoo', halafu sema 'naomba'."

"Kitabu hakuna 'naomba'," akasema, na kwa uso wake niliona kwamba anasema kweli.

Aliyekuwa akimtuma alikuwa kijana wa Kiingereza, mdogo kwake kwa umri na, kwa nilivyosikia, kwa elimu pia. Walipokuja pamoja, kijana alikaa mbele na dereva, na Bwana Chumvi alikaa nyuma ya lori pamoja na fito za kupimia na mapipa, akishikilia kofia yake. Chochote alichokiandika lazima kijana yule atie saini ndipo kiende mbele, na mara nyingi hakikwenda. Siku moja walisimama ukingoni mwa mfereji wakabishana kwa Kiingereza kwa muda mrefu. Bwana Chumvi alikuwa akionyesha bahari, kijana alikuwa akionyesha saa. Lori lilipoondoka na kumwacha, nilimwuliza, "Amesema nini?"

"Amesema mfereji ni wa watu wa mbu, si wake, hawezi kugusa. Watu wa mbu wamesema mpunga ni wa kilimo, si wao."

"Na bahari ni ya nani?"

Alifikiri. "Bado kujua," akasema. Nilicheka peke yangu. Yeye hakucheka.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Kutwa alihubiri juu ya chumvi, lakini chakula chake cha mchana kilikuwa chapati na achari ya maembe yenye chumvi ya kutoa machozi. Hakunywa maji ya visima vyetu, alibeba yake yaliyochemshwa. Na bado ukimwambia kisima fulani kimeharibika, atatembea mpaka huko juani, akainama juu yake kama mtu anayemtazama mgonjwa. Hakukubali kula kwetu. Nilidhani anatuona wachafu, mpaka mke wa Mzee Kitwana alipofariki katikati ya masika.

Ardhi ilikuwa imelowa, na kaburi lilipochimbwa maji yakaanza kuingia. Vijana waliyateka kwa ndoo, yakarudi. Bwana Chumvi alikuwa akipita na mwavuli wake. Alisimama mbali, akatazama mteremko, kisha akauweka mwavuli chini, akachukua jembe kutoka mkononi mwa mtu na kuanza kuchimba mfereji mdogo upande wa juu.

"Wewe, ondoka! Wewe, chimba hapa! Hapa! Upesi!"

"Loo, matusi mpaka makaburini," mtu mmoja akasema.

Lakini walichimba. Maji yakapita pembeni, kaburi likakauka. Alirudisha jembe, akaokota mwavuli, akaenda zake akiwa na matope hadi kwenye soksi. Mzee Kitwana alisema baadaye, "Kanitukana mbele ya wakwe zangu. Ila mke wangu kalala pakavu." Kuanzia hapo hakumsema vibaya, lakini hakumsikiliza pia.

Kusikilizwa ndiyo ilikuwa shida yetu sote. Ofisini hawakumsikiliza kwa sababu ya asili yake, bondeni hawakumsikiliza kwa sababu ya ulimi wake, na mie, niliyemwelewa, nilikuwa binti asiye na baba, nani atanisikiliza? Nikisema na wakubwa wa bonde, walinijibu, "Binti, kapike." Nikimwambia yeye aseme vizuri, alisema, "Chumvi hajali kusema vizuri."

Misimu miwili ilipita akiandika. Mwishowe, bila ruhusa ya mtu, alitengeneza mlango. Aliokota mbao za makasha ya bandarini, akamtafuta fundi wa Kimakonde, wakaunda ubao mpana uliofungwa kwa juu kwa vipande vya tairi, wakautia kwenye mdomo wa mfereji. Maji ya mto yakitoka yanausukuma, unafunguka. Bahari ikija inausukuma, unajifunga. Hakuna wa kuufungua wala kuufunga. Nilikaa nikautazama alasiri nzima ya bamvua, bahari ikigonga ubao kwa nje na mfereji ukiwa umetulia kwa ndani, na niliona kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata kuviona bondeni.

Masika yaliyofuata tulivuna hadi ghala likajaa. Baba mdogo alikuja, akala wali wa mpunga wetu, akamshika Zuhura kichwa, akasema, "Kweli mmekaa." Nilidhani mambo yamekwisha.

Kilichotuangusha ni kamba wa baharini. Bahari ilipokuwa ikiingia mferejini, kamba wakubwa waliingia nayo, na watu walizoea kuwazoa kwa vikapu. Mlango ukawazuia. Mavuno yalipokwisha na kiangazi kikaingia, watu walianza kunong'ona kwamba Mhindi kafunga kitoweo. Bamvua ya kwanza nilikwenda mferejini nikakuta gogo la mkoko limetiwa chini ya ubao kuushikilia wazi, maji yanapanda, na watu na vikapu vyao wako kando, Mzee Kitwana akiwa mbele.

"Mzee, shikamoo. Toeni gogo, tafadhalini. Chumvi inaingia."

"Marahaba, mwanangu. Inaingia kwenye nini? Shamba tupu. Mpunga tumeshavuna. Chumvi itamla nani?"

"Inabaki ardhini, Mzee. Ukiacha sufuria ya maji ya chumvi motoni, maji yanakwisha, chumvi inabaki chini. Jua ndio moto."

"Masika yataiosha," akasema mwingine.

"Mwacheni mke wa Mhindi," akasema wa tatu, wakacheka.

Niliingia majini, nikalivuta gogo mwenyewe. Siku ya pili lilirudi. Nikalivuta tena, likarudi, na nilipokuwa na homa nikashindwa kwenda, likakaa. Bwana Chumvi alipolikuta aliwapigia kelele zile amri zake zote, "Funga! Ondoa! Upesi!" na kwa hasira yao wakatia gogo la pili. Kila mmoja wao alikuwa na jaruba katika bonde lile lile. Mpaka leo hili linanitia uchungu kuliko kijana wa Kiingereza na saa yake.

Masika yakaja, mvua chache, na mpunga wetu haukufika magotini. Ghala likawa tupu. Baba mdogo akaja.

Siku hiyo Bwana Chumvi alikuwa bondeni, nami nikamtuma Saidi amwite. Nilikuwa na matumaini makubwa. Nilijua baba mdogo anaheshimu wasomi. Nilijiambia kwamba mtu huyu akisema ardhi itapona, neno moja tu, tutapata mwaka mwingine. Alikuja na matope yake, akasimama mbele ya baraza.

"Bwana," baba mdogo akamwambia kwa adabu, "huyu mwanangu anasema wewe unaijua ardhi hii. Mpunga utarudi?"

Nilimtazama usoni. Alinitazama. Alijua Zuhura ni nani, na alijua kwa nini ameitwa, kwa kuwa nilikuwa nimemweleza zaidi ya mara moja.

"Bado kujua," akasema.

"Mwakani?"

"Mlango ufungwe kila bamvua. Mvua iwe nzuri. Labda misimu miwili. Labda mitatu. Labda hapana. Chini sijapima."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

Baba mdogo alinigeukia, wala hakuwa na hasira. "Umesikia mwenyewe, mwanangu. Msomi wako huyo."

Lori la kwenda kusini liliondoka asubuhi yake. Saidi alipanda mnazi, akakataa kushuka. Walimwita, wakamtishia, wakachoka, wakamwacha, nami nikaachwa nimtunze. Zuhura alikuwa mdogo, hakuweza kupanda mnazi. Alikwenda na kanga ya mama begani na hakulia, kwa sababu nilimwambia ni matembezi.

Siku hiyo hiyo Bwana Chumvi alirudi na chuma kirefu cha kuchimbia. "Leo nitapima chini," akasema.

"Leo?" nikamwambia. "Leo ya nini?"

Alipima. Nilikaa mlangoni nikimtazama akizamisha chuma chake katika jaruba la mama, nikamchukia. Kabla hajamaliza kazi hiyo alipewa uhamisho, akapelekwa bara kwenye mabonde mengine, na hakuna aliyekuja badala yake.

Mimi na Saidi tuliulinda mlango. Kila bamvua ya kila kiangazi tulikaa pale, alasiri mimi, alfajiri yeye, tukatukanwa, tukarushiwa matope, na mara moja Saidi alipigwa. Msimu wa kwanza mpunga ulikuwa mbaya. Wa pili ulikuwa nusu. Wa tatu bonde zima lilikuwa la kijani kutoka ukingo hadi ukingo. Mzee Kitwana alisimama katikati ya jaruba lake, akapitisha mkono juu ya masuke, akasema, "Mvua za mwaka huu zimekaa vizuri." Nilipeleka habari Kilwa. Jibu lilikuja kwamba nisihangaike, Zuhura amekwisha zoea, na tena ameshaposwa.

Nilimwona Bwana Chumvi miaka mingi baadaye, wakati mji mzima ulipokuwa ukizungumza habari za uhuru. Saidi alikuwa amejenga Kinondoni, nami nilikuwa nimekwenda kumtazama. Njiani nikaona mzee wa Kihindi amekaa kwenye baraza la nyumba ya Mzaramo, amevaa msuli. Alikuwa amestaafu, amepanga chumba kimoja. Wahindi wa maduka hawakumhesabu mwenzao, na ofisi ilikuwa imemuaga kwa kumpa mkono tu.

"Shikamoo, Bwana," nikamwambia.

"Marahaba, mama. Karibu. Kaa." Kiswahili chake kilikuwa kimekuwa cha watu. Kisha akanitambua, akanyanyuka, akamwomba mwenye nyumba chai.

Hakuuliza hali yangu. Aliuliza, "Lile jaruba?"

Nikamweleza yote. Mlango, kiangazi baada ya kiangazi, nusu ya msimu wa pili, kijani cha msimu wa tatu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na nilipofika kwenye kijani alifumba macho.

"Msimu wa tatu," akasema.

"Wa tatu."

"Na yule mtoto?"

"Yuko Kilwa. Ameolewa, ana watoto. Tumeonana mara mbili. Ananiamkia 'shikamoo dada' kama anavyomwamkia mtu yeyote."

Chai ikaletwa. Mwenye nyumba alipoondoka akasema, "Basi siku ile ningesema ndiyo, ningekuwa nimesema kweli."

"Ungekuwa umesema kweli."

"Lakini nilikuwa sijui."

"Nilijua kwamba hujui, Bwana. Ila ungesema ndiyo, baba mdogo angetupa mwaka mwingine. Nilitaka useme tu. Neno moja, kwa ajili ya mtoto."

Alitikisa kichwa polepole. "Kwetu walisema ndiyo," akasema. "Wakubwa wa mifereji. Watu waliuliza, ardhi itakaa salama? Wakasema ndiyo, ndiyo. Baba yangu alilima kwa ndiyo yao mpaka akalima ardhi nyeupe. Siwezi, mama."

"Hata kama ingekuwa leo?"

"Hata kama ingekuwa leo."

Hasira ikanipanda upya, kama vile baba mdogo amesimama pale pale na lori linanguruma barabarani. Nilisimama, nikajifunga kanga, nikachukua kikapu changu. Yeye hakunizuia wala hakuniomba radhi. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo, kama ule msimu wa pili upande uliopona kwanza ulikuwa wa juu au wa chini.

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Saidi hakupenda tena kusikia habari za bonde, na Mzee Kitwana alikufa akiamini ni mvua. Niliweka kikapu chini, nikakaa.

"Wa juu," nikamwambia. "Ulianzia kwenye pembe ya kisima." Nikaanza kumweleza.